Rezo ikianguka, tutafute kwanza kelele inatoka wapi

Maneno ya mwenzetu mmoja mbele ya vijana wa Butembo. Tunayaweka hapa kama vile aliyasema, na marekebisho kidogo tu.



Wenye hawanijue: nilisoma elektroniki na telekomu. Diplome iko nyumbani mu valizi, chini ya kitanda, na mimi ninaishi kwa kutengeneza simu na kuuza mega kando ya barabara. Sisemi ivi ili munihurumie. Nasema ili mujue kama haya maneno hayatoke kwa mutu wa ofisi, yanatoka kwa mutu mwenye anaketi na meza yake inje na kila siku anasikia watu wanasema: rezo wameikata.

Leo nataka tuongee juu ya ile neno, "wameikata". Nani ameikata? Unajuaje?

Munakumbuka ile mambo ya avenyu moja ya komine ya Vulamba. Sitaitaja jina, wakaaji wake wanajijua. Kila siku kuanzia saa 12 ya mangaribi simu zilikuwa na vijiti vyote vya rezo, vimejaa, lakini ukipiga simu inabaki kimya kisha inakata. Kutuma makuta haipite. Mama mmoja mwenye kibanda cha kutuma makuta aliniambia kama saa ya watu kutoka sokoni njo saa yake ya kupata chakula cha watoto, na sasa ile saa anaketi tu anaangalia watu wanapita mbele yake kwenda kwa kibanda cha chini. Ku kituo kidogo cha afya, muzalishaji alikuwa anatuma kijana wa pikipiki mpaka barabara kubwa ili apige simu kwa dokta. Usiku mumoja mama alikuwa anatoka damu na pikipiki ikachelewa. Aliponyoka, tunamushukuru Mungu. Lakini tangu ule usiku hakuna mutu pale alikuwa anacheka tena na maneno ya rezo.

Sasa mu muji kama wetu, mu jimbo lenye liko chini ya utawala wa kijeshi tangu mwezi wa 5 mwaka 2021, jibu lilipatikana mbio sana. Ni wakubwa. Wameweka mashine ya kuziba simu, juu wanajua vijana wanapanga maandamano. Wengine walisema wanasikiliza simu zetu na njo maana zinakwama. Mu kikundi chetu tangazo lilikuwa tayari. Nililisoma mu simu yangu, na kichwa chake kilikuwa na herufi kubwa: WANATUZIBA MIDOMO. Ilibaki kubonyeza tu.

Mimi niliomba siku 10. Mwenzetu mumoja aliniuliza mbele ya watu wote kama nimekwisha kupewa ngapi. Tumekwisha kusameheana, iko hapa mu chumba, anacheka. Lakini ile siku iliniuma.

Kwa nini niliomba zile siku? Juu mambo yenye tulikuwa tunaona hayakufanana na kukatwa. Sisi Wakongomani tunajua kukatwa. Tulikatwa mwezi wa kwanza 2015. Tukakatwa tena tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, kisha uchaguzi, tukakaa karibu siku 20 bila intaneti. Kukatwa kwa amri kunakuwa namna gani? Kunapiga muji muzima, hata inchi nzima, kwa saa moja. Intaneti inakufa Butembo na Kinshasa pamoja, lakini mara nyingi sauti inapita, unaweza kupigia mama yako. Amri inatekelezwa ndani ya mashine za kampuni. Hewani hakuna kitu kimebadilika. Ku Vulamba ilikuwa kinyume: sauti yenyewe njo ilikuwa inakufa, ku avenyu tatu tu, na saa zile zile. Ukishuka metre 400, uko sawa. Ni amri gani yenye inajua kona ya avenyu?

Hapa nitaomba uvumilivu kidogo, ni sehemu yenye naipenda.

Simu yako na antena ya kampuni hazisemi ku njia moja. Ku rezo ya 2G ya megahezi 900, simu inasema kati ya megahezi 890 na 915, na munara unajibu kati ya 935 na 960. Njia mbili, moja ya kupanda, moja ya kushuka. Vile vijiti unaona ku simu vinapima kitu kimoja tu: wewe unasikia munara namna gani. Havikuambie munara unakusikia namna gani. Na hakuna usawa pale. Munara unasema na nguvu za wati makumi. Simu ya 2G, ikijikaza mpaka mwisho, inafika wati 2. Ni kama mutu mwenye megafone juu ya mulima anaongea na mama mwenye kunongona kule bondeni. Megafone utaisikia siku zote. Lakini weka kinu kimoja cha kusaga mihogo kando ya sikio la yule wa mulimani, yule mama amekwisha.

Kwa hiyo ukiona vijiti vimejaa na simu haipite, na ni kwa kila mutu wa ile fasi, fikiria kwanza sikio la munara. Kuna kitu kinapiga kelele ku njia ya kupanda. Neno "kelele" hapa si sauti ya masikio. Ni mawimbi ya redio yenye hayatakiwe kuwa pale.

Na vitu vya kupiga ile kelele tuko navyo wengi kuliko tunavyofikiri. Muangalie vitu vya mitumba vyenye vinashuka mu makontena. Marekani, kila mutu anaruhusiwa kutumia vifaa vidogo kati ya megahezi 902 na 928: simu za mezani zisizo na waya, vifaa vya kusikiliza mutoto mu chumba, vitu vya namna hiyo. Kwao hakuna shida, juu simu zao za mukononi hazipandi ku ile njia. Lakini leta kile kifaa huku, ukichomeke mu ukuta: 902 mpaka 915 ni ndani kabisa ya njia yenye simu zetu zinatumia kupanda. Tena kuna zingine za Marekani, simu za mezani za kisasa, zinasema kati ya 1920 na 1930, na huku ile fasi ni mwanzo wa njia ya kupanda ya 3G. Kifaa hakikuharibika. Kiko mu inchi isiyo yake, ni vile tu.

Kuna kutu pia. Muko munacheka, lakini ni kweli. Mabati yenye kutu, ao bulu yenye kutu karibu na antena, inaweza kupokea frekansi mbili na kuzaa ya tatu. Kamata munara wenye unasema ku 935 na ku 960. Mara mbili ya 935 ni 1870. Toa 960, inabaki 910. Na 910 ni wapi? Ndani ya sikio la ule ule munara. Mu muji wa mabati kama wetu, munara unaweza kujipigia kelele wenyewe na hakuna mutu mubaya hata mumoja.

Taa za LED za bei ya chini, inverta za sola, chaja zenye hazikufungwa muzuri, hizo zinasumbua zaidi redio ya FM na zile redio za kuongea. Ku simu si sana. Ukitaka kuona kwa macho yako, usiku washa redio ndogo ya batri, itafute fasi isiyo na stesheni, isogeze karibu na chaja ya simu. Itaanza kunguruma. Kisha geuka polepole ukiwa umeishika karibu na kifua: mwili wako unazuia mawimbi, kwa hiyo fasi yenye kelele inapungua, jua chanzo kiko nyuma ya mugongo wako. Hakuna masomo ya juu yenye yananipita hapo. Kazi yenye tulifanya Vulamba ilikuwa ile ile, na vyombo vya bei kidogo tu.

Chombo cha kwanza kilikuwa kaye.

Nilipatia kaye watu 6: yule mama wa makuta, muzalishaji, mwalimu mumoja, na wauzaji wa mega watatu. Niliwaomba kitu kimoja: kila mara simu inakwama, andika saa, ikirudi, andika saa. Kisha andika kama umeme uko ao hauko. Ile ya umeme waliniuliza ni ya nini. Nikasema sijui bado, tuandike tu.

Kisha siku 5 tulikutanisha zile kaye ku meza moja. Siku tatu simu zilikwama kuanzia saa 12 na dakika chache mpaka karibu saa 4 ya usiku. Siku mbili hazikukwama hata dakika moja. Tukaangalia: zile siku mbili, umeme haukukuja ile avenyu mangaribi yote. Sasa mutu mwenye ana mashine ya kijeshi ya kuziba simu, ataishiwa na umeme wa mutaa? Chanzo kilikuwa kinakula ku waya moja na sisi. Kilikuwa jirani yetu.

Musione hii ni kitu kidogo. Ku Australia, mahali panaitwa Parkes, kuna antena kubwa ya kusikiliza nyota, upana wake metre 64. Mu kumbukumbu zake, tangu 1998, kulikuwa alama za ajabu zenye wasomi walishindwa kueleza. Hata zilipewa jina lake, peryton. Watu wenye dokta zao walijiuliza kama ni radi, ao kitu cha angani. Mwanzo wa 2015 njo walipata: ni furu ya mikro-ondi ya jikoni yao wenyewe. Mutu akifungua mulango mbele furu haijajizima, mawimbi yanatoka kidogo, antena inasikia. Kitu chenye kiliwasaidia ni saa. Zile alama zilikuwa zinakuja mchana, karibu na saa ya kula. Nyota haina saa ya kula.

Chombo cha pili kilikuwa kle ya USB, zile ndogo za kupokea televizyo ku ordinateri. Vijana wa inchi zingine walivumbua kama zinaweza kusikiliza karibu kila frekansi kuanzia megahezi 24 mpaka karibu 1766. Inauzwa makumi ya dola tu, wakati mashine ya kweli ya kazi hii inauzwa maelfu. Yetu tuliazima. Programu ni ya bure, inachora ku ekrani mulima pale kwenye kuna mawimbi na bonde pale kwenye hakuna. Ni ya kusikiliza tu, haitume kitu hewani, na haifungue maneno ya simu ya mutu. Nasema hii mara mbili juu mutu atawauliza: haifungue maneno ya simu ya mutu. Inaona tu kama kuna nguvu, na ni ngapi.

Antena nilitengeneza mwenyewe, ubao na vipande vitatu vya waya ya shaba. Ku megahezi 900 wimbi lina urefu wa sentimeta karibu 33, kwa hiyo kila kipande kinakuwa karibu nusu yake, sentimeta 16 na kitu; cha nyuma kirefu kidogo, cha mbele kifupi kidogo. Inasikia muzuri upande wa mbele na vibaya upande wa nyuma. Imekaa kama mufupa wa samaki.

Na sasa sikilizeni, hii si maneno ya mchezo. Kijana mwenye anatembea usiku mu muji wetu na antena na ordinateri, wanamukamata, na yeye mwenyewe ataelezea nini? Mbele ya kutoka tulienda kwa shefu wa avenyu. Tukamuonyesha kaye. Tukamuomba atupatie mutu wa kutembea na sisi. Akasema atatembea yeye mwenyewe, juu hata simu yake ilikuwa inakwama. Tulitembea kuanzia saa 12 mpaka saa 2, kila mutu anatuona, tunasalimia watu. Bila shefu, hakuna kutoka. Mukibaki na kitu kimoja cha leo, mubaki na hicho, hata mukisahau megahezi zote.

Ku ekrani niliona mara moja. Ku njia ya kupanda, kawaida unaona vijiti vifupi vinaruka na kupotea: ni simu za watu, kila moja inasema kidogo inanyamaza. Lakini pale kulikuwa kilima kipana, hakiruke, hakipotee. Saa 12 na dakika 7 hakikuwa pale. Saa 12 na dakika 9 kilisimama.

Kutafuta upande, unageuza antena polepole mpaka kilima kinakuwa kirefu zaidi, unaangalia ule upande, unachora mustari ku karata ya avenyu kuanzia pale umesimama. Kisha unaenda fasi ingine, mbali kidogo, unachora wa pili. Pale mistari inakutana njo pale unaenda. Ya tatu ni ya kuhakikisha kama mbili za kwanza hazikudanganye.

Zilitudanganya. Mustari wa kwanza na wa pili vilikutana ku mulima wa upande mwingine wa bonde, pale kwenye kuna nyumba ya magorofa, mabati mapya, na mwenye nyumba ni mutu wa wakubwa. Nawaambia ukweli, moyo wangu ulipiga kwa furaha. Nikasema: vijana walikuwa na haki, ni mimi mupumbavu. Kama tungerudi nyumbani ile saa, tangazo lingetoka ile usiku na jina lake ndani.

Lakini mustari wa tatu haukukubali. Ulielekea ku nyuma yetu, ku avenyu yenyewe. Nikakumbuka somo lenye karibu kila mutu mu oditware alilala: mawimbi yanaruka ku mabati kama vile mupira unaruka ku ukuta. Yale mabati mapya ya mulimani yalikuwa kioo. Tulikuwa bondeni, kati ya nyumba, na kelele yenyewe ilikuwa imezibwa na ukuta. Tulikuwa tunaona picha yake tu kule mulimani. Ku bonde antena inakudanganya. Siku yenye ilifuata tulipanda fasi ya juu, kwenye unaona nyumba zote, tukaanza upya. Mistari mine, na yote mine ikaangukia mu kipande kimoja cha avenyu, nyumba 5 ao 6.

Karibu na chanzo, shida inageuka. Kelele iko kubwa mpaka chombo kinalewa, kila upande kinaonyesha kilima kile kile. Mu fasi ya wazi, ukikata umbali nusu, nguvu inapanda mara 4. Ukikata nusu tena, mara 4 tena. Kwa hiyo dawa ni kujifanya kiziwi. Nilitoa antena, nikabaki na kle yenyewe bila kitu, nikaishika ku kifua na kugeuka kama vile niliwaambia na redio. Yule shefu alikuwa anacheka sana, alisema nacheza kama mutu wa arusi. Tukafika mbele ya depo ya papa mumoja mucuruzi.

Papa alitupokea muzuri. Kabla sijafungua mudomo alianza yeye: hii rezo ya hapa, watoto wangu, ni haya, kila siku naumia, hata nilinunua mashine ya kuisaidia. Mashine gani, papa? Akatuonyesha. Amplifikateri ya rezo, ililetwa na mujomba wake kutoka inje. Antena moja juu ya mabati, ingine ndani ya depo, na sanduku kati yao. Kila mangaribi anafungua hesabu na wateja wake wa mbali, anaiwasha. Saa 4 anafunga depo, anaizima.

Wenye munapiga muziki kanisani munajua kitu chenye kinatokea mukiweka mikro mbele ya bafle. Mikro inasikia bafle, inaituma ku bafle, bafle inaisema kwa nguvu zaidi, mikro inaisikia tena, na hapo kanisa nzima inaziba masikio. Ile sanduku ni mikro na bafle. Antena ya inje na ya ndani zinatakiwa kuwa mbali, na kitu kizito katikati. Kwa papa, upepo ulikuwa umeinua bati moja na fundi akashusha antena ya inje mpaka karibu metre 2 na ile ya ndani. Mashine ikaanza kujisikia yenyewe na kupiga ukelele, si ku masikio, ku megahezi 900, moja kwa moja ndani ya sikio la munara. Na yeye papa, juu alikuwa karibu sana, alikuwa anaona vijiti vimejaa na simu haipite kuliko wote. Njo maana alikuwa anaiongeza nguvu.

Tulimuomba aizime dakika 10. Aliizima. Kilima ku ekrani kikaanguka mara moja. Shefu alipiga simu ku kituo cha afya na muzalishaji akajibu. Tukaomba aiwashe tena, ikakwama, aizime, ikapita. Mara tatu, juu mara moja inaweza kuwa bahati. Papa akaketi ku gunia la sukari. Aliuliza tu: "Ule usiku wa yule mama, ni mimi?" Hakuna mutu alimujibu.

Jina lake hatukuliweka fasi yoyote na hatutaliweka. Mashine aliichomoa mwenyewe, bila mutu kumulazimisha.

Sasa mutauliza, kampuni ilikuwa wapi? Hapa mimi nakasirika, na nitakasirika polepole. Yule mama wa makuta aliita huduma ya wateja mara nyingi, na jibu lilikuwa moja: zima simu, kisha uiwashe. Lakini munara wowote wa leo unapima wenyewe kelele yenye sikio lake linasikia, na kuiandika, siku zote, saa kwa saa. Enjenyeri mwenye anaketi mbele ya ekrani Kinshasa angefungua ile karatasi, angeona mustari unapanda saa 12 na kushuka saa 4, siku baada ya siku, na siku za bila umeme hakuna. Kile chenye sisi tulipata na kaye 6 na viatu, wao walikuwa nacho mu mashine. Hakuna mwenye alifungua. Na ARPTC, yenye sheria inaipatia kazi ya kulinda frekansi za inchi hii, watu wa Vulamba hawajaona hata gari yake ya kupima. Tulilipishwa RAM ku simu zetu tangu 2020 mpaka ilipoondolewa mu 2022. Mutu ana haki ya kuuliza ilinunua mashine ngapi za kupima hewa.

Barua tumekwisha kuandika. Ndani yake hakuna "wanatuziba midomo". Kuna tarehe, kuna saa, kuna karata na mistari mine, kuna picha za ekrani mbele na kisha kuzima. Tunaomba vitu viwili: kampuni ijibu kila lalamiko la avenyu kwa kufungua vipimo vya munara wake, na ARPTC ituwekee mutu huku, mwenye anapokea malalamiko na mwenye ana chombo. Barua kama hii ni ngumu kuitupa. Ile ingine, yenye ilikuwa tayari mu simu yangu, ingetupwa mbio, na siku tutakatwa kweli, nani angetuamini?

Juu tunaweza kuzibwa kweli. Sitaki mutoke hapa munafikiri kila kitu ni sanduku la papa. Mashine za kuziba simu ziko, zinauzwa ku intaneti. Ku Ufaransa, mu 2022, shirika la frekansi la kule, ANFR, lilieleza mambo ya Messanges, muji mudogo karibu na bahari: simu na intaneti zilikuwa zinakufa kila usiku kuanzia saa 6 mpaka saa 9 ya usiku. Mafundi walikuja na gari yao ile saa yenyewe, wakaona mawimbi, wakayafuata mpaka nyumba moja. Ni baba wa jamaa, alinunua mashine ya kuziba ili watoto wake walale, waache mitandao. Aliziba watoto, akaziba na muji. Kule ni kosa la kifungo cha miezi 6 na euro 30.000. Munaona, hata pale kwenye mashine ni ya kuziba kweli, saa njo ilisema, na miguu ikafuata.

Ku sisi kuna mupaka mwingine. Mu 2024 hata ku Umoja wa Mataifa waliongea juu ya kuvurugwa kwa ishara za GPS huku Kivu ya Kaskazini, zile zenye ndege zinatumia. Ile haitafutwe na kijana mwenye antena ya ubao. Kilima kikikuelekeza ku kambi, ku kizuizi, ku nyumba yenye askari, unafunga ordinateri, unaandika saa na fasi yenye ulikuwa umesimama, unarudi nyumbani. Usipige picha. Kaye inatosha, na kaye kumi za watu kumi wa fasi mbalimbali zinasema kuliko mutu mumoja mwenye alikamatwa.

Kuna fasi ya pili yenye inatungoja. Ku upande wa Mususa wauzaji wawili waliniletea habari: simu zinakwama, lakini kwao ni asubui, saa 11 mpaka saa 1, na hata siku za bila umeme. Kwa hiyo si depo ya papa. Inaweza kuwa kitu cha batri ao cha sola. Inaweza kuwa kutu, mvua ikikauka. Mimi sina jibu bado. Niko na kaye 8 mupya hapa ku meza, na biki. Wenye wanakaa kule wakamate moja kila mutu mbele ya kutoka. Shefu wao amekwisha kukubali, na siku ya Posho ya juma lenye linakuja, saa 10 na nusu ya asubui, tunakutana mbele ya nyumba yake.